Alama za Kiti cha Saba

INATANGAZWA kwa wakazi wote wa Mji, na kwa wageni walioruhusiwa kuwa wakazi kwa siku zisizozidi tatu, kwamba mto wa kiti namba saba katika Ukumbi wa Vipimo, ambao umekuwa wa rangi ya kijani tangu ukumbi ulipofunguliwa, kuanzia leo utakuwa wa rangi ya kahawia. Badiliko hili halina maana yoyote. Atakayelipatia maana atawajibika kwa maana hiyo.

Tangazo lilisomwa mara tatu kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa la Baraza, asubuhi ya siku ya kwanza ya Mwezi wa Kutishwa. Nililisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni kwangu, mswaki mdomoni, kwa sababu kiti namba saba kilikuwa changu.

Inanipasa kukieleza kiti hicho. Kila mwaka, kwa siku thelathini na moja, watazamaji saba huketi katika Ukumbi wa Vipimo na kutazama filamu thelathini na moja za kutisha, moja kila siku, baada ya alasiri. Filamu ikiisha, kila mtazamaji huandika kwenye fomu alama kati ya moja na kumi, kwa kadiri alivyoogopa. Alama za saba hao hujumlishwa, kisha hutafutwa wastani. Filamu ikifikisha wastani wa tano, kile kinachotisha ndani yake huandikwa katika Daftari la Hofu Halali. Isipofikisha, kitu hicho hufutwa Daftarini, na kuanzia kesho yake hakuna mkazi anayeruhusiwa kukiogopa.

Mgeni anaweza kuuona utaratibu huu kuwa mchezo. Nami niliuona hivyo kwa miaka mingi, na ninashuku kwamba hiyo ndiyo sababu niliaminiwa kuushiriki. Lakini hofu halali, hapa Mjini, ina haki moja iliyoshonwa ndani yake: haki ya kusindikizwa. Mtu anayekwenda kukabili kitu kilichoandikwa Daftarini anaruhusiwa kufuatana na mwenzake mmoja, mradi mwenzake huyo alijue jina kamili la anayesindikizwa na aweze kulitaja akiulizwa. Anayekwenda kukabili kitu kilichofutwa huenda peke yake, kwa kuwa haieleweki asindikizwe kwa lipi. Sijawahi kuonyeshwa takwimu za jambo hili, nami ni mtu wa takwimu. Najua tu kile ambacho kila mtu Mjini anakijua bila kukiri: waliosindikizwa hurudi.

Nilifundisha mantiki kwa miaka ishirini na sita katika shule ambayo siku hizi ni ghala la fomu. Nilifundisha kwamba hofu ni hoja ambayo haijakamilika; kwamba mtu anayeogopa amefikia hitimisho kabla hajapewa ushahidi. Wanafunzi waliyaandika maneno hayo madaftarini na baadhi yao, kwa bahati mbaya, waliyaamini. Baraza lilinipa kiti cha saba kwa sababu ya sifa hiyo. Nami katika mwaka wangu wa kwanza nililiandikia Baraza waraka wa kurasa nne kuhusu namna ya kuikinga hesabu dhidi ya mihemko ya watazamaji. Walinijibu kwa barua ya shukrani na kalenda.

Siku ya pili. Mwanamke asiye na nyayo. Alama mbili. Nyayo zake zilionekana kwenye kioo cha kabati.

Siku ya tano. Mkono unaotambaa wenyewe. Alama moja. Mwenye mkono alikuwa chini ya meza, alikohoa.

Siku ya tisa. Kisima kinachowaita watu kwa sauti za mama zao. Alama moja. Mama yangu hakuwahi kuita mara mbili.

Filamu zenyewe huletwa kwenye makasha yasiyo na anwani, na watu waliomo huzungumza lugha ambayo hakuna mtu Mjini anayeifahamu. Kwa hiyo tuna mtafsiri. Mtafsiri haijui lugha hiyo zaidi yetu. Asubuhi huitazama filamu peke yake mara moja, na alasiri huketi kwenye kigoda kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, akatusimulia kile anachokiona kwa namna anavyokielewa, akiwapa wahusika majina na tabia na madeni. Hilo halimwudhi mtu. Ndivyo filamu zinavyotazamwa hapa tangu zamani, na mtu akiletewa filamu isiyo na mtafsiri huirudisha, akisema ni mbovu. Kanuni ya kazi hiyo ni moja tu: mtafsiri hanyamazi. Akinyamaza, watu hukumbuka kwamba wanaitazama mashine, na pengine hukumbuka mengine.

Mtafsiri wa mwaka huu alikuwa Salhina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo. Miaka mingi nyuma alikuwa mwanafunzi wangu.

"Haya, dada yetu huyo anaingia ndani," alikuwa akisema siku ya tisa, maikrofoni ameifunga leso. "Dada, usiingie. Nyumba gani haina hata kuku uani? Kaingia! Hawa watu hawasikii. Sasa anawasha taa. Taa haiwaki. Mnaona? Kumbe hata kwao wanakata umeme."

Ukumbi ulicheka. Kwenye kiti cha sita Chambuso, fundi cherehani mstaafu, alicheka huku ameziba macho kwa kofia. Chambuso huogopa kila kitu. Kila filamu huipa nane, na huwa ameiandika kabla ya filamu kuisha.

"Mwalimu," aliniambia tukitoka, "wewe hata jini akikutokea utamwomba kitambulisho."

"Ningeanza na jina lake."

"Akikupa?"

"Nitaliandika. Jini aliyeandikwa ni mtumishi wa umma kama wengine."

"Basi Mungu akuhurumie, ndugu yangu. Siku utakayoogopa wewe, hutajua pa kujificha. Sisi wenzako tuna mazoezi."

Kisima kilipata wastani wa tatu. Kesho yake, nikielekea ukumbini, niliwakuta vibarua wawili wakikiondoa kifuniko cha chuma kilichokuwa juu ya kisima cha mtaa wetu. Kitu kisichotisha hakihitaji kifuniko, walinieleza kwa upole, na chuma hicho kilikuwa na kazi mahali pengine. Niliupokea ufafanuzi huo. Haukuwa na kasoro ya kimantiki. Nilipita upande wa pili wa barabara, na nilijiambia kwamba nimefanya hivyo kwa sababu ya kivuli. Upande huo haukuwa na kivuli.

Mtu anapoweka alama, anapima nini? Nilijiuliza swali hili siku ya kumi na mbili, na kwa kuwa siku ya kumi na mbili ilikuja mara mbili nilipata nafasi ya kujiuliza tena. (Kalenda ya Baraza ndiyo iliyokosea, au labda ndiyo iliyokuwa sahihi, filamu ilikuwa ile ile, niliipa alama mbili zile zile, na nilifarijika kwamba kati ya wakati na mimi angalau mmoja wetu alikuwa thabiti.) Anayepima urefu wa ukuta hauongezi wala haupunguzi. Lakini anayeipima hofu huandika namba, na namba hiyo huenda kufungua mlango au kuufunga katika nyumba ambayo hajawahi kuiona. Inawezekana basi kwamba sikuwa nikiipima hofu hata kidogo. Nilikuwa nikiigawa. Niliketi juu ya mto wa kahawia kama mtu anayegawa maji, na kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa na kiu, niliwaandikia watu wote tone moja, matone mawili, nikaita jambo hilo uadilifu.

Niliyaandika mawazo hayo pembeni mwa fomu. Fomu ilirudishwa, ikiwa na maelezo kwamba pembeni ni mali ya Baraza.

Siku ya ishirini Salhina alinisubiri nje, kwa muuza kahawa, kabla ya filamu. Mkononi alikuwa na bahasha ya rangi ya maziwa. Kila mtu Mjini anaifahamu rangi hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti imekukauka."

"Nimeitwa Barazani. Tarehe mosi, saa mbili asubuhi. Hawakuandika sababu."

Muuza kahawa alijaza kikombe hadi kikafurika, kisha akasogea na birika lake mbali kidogo nasi, akaanza kupanga kashata ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Huenda ni jambo la kawaida," nilisema.

"Mwezi uliopita, katika filamu ya mazoezi, kulikuwa na mfalme aliyekufa na watu wakaendelea kumpelekea chakula. Nikauliza kwenye maikrofoni: tunajuaje kwamba kala? Basi. Swali hilo tu. Tunajuaje." Alinitazama. "Nani alinifundisha kuuliza hivyo?"

Ukutani nyuma yake ilibandikwa ratiba ya mwezi, ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuisoma. Siku ya thelathini na moja haikuwa na mzimu, wala mkono, wala kisima. Iliandikwa neno moja: Kuitwa.

"Ikipata tano," alisema Salhina, "nitakwenda na mtu. Nimewauliza wale sita wengine, wamenijibu kadiri ya nafsi zao. Wewe sikuombi uniongezee. Najua utakataa na utakuwa na hoja."

"Unaniomba nini basi?"

"Utazame. Mwezi mzima umekaa pale unatafuta uzi unaomvuta popo. Siku hiyo moja, Mwalimu, usitafute uzi."

Tangu hapo sikulala vizuri, na hata mchana usingizi na macho vilianza kuchanganya mipaka yao. Katika filamu ya siku ya ishirini na tatu palikuwa na mtu aliyeketi kwa nyuma, akiwapa watazamaji kisogo. Kisogo hicho nilikifahamu, kwa kuwa kinyozi wangu hunionyesha kwa kioo. Siku ya ishirini na sita nilifika nyumbani na kuukuta mlango wangu umefungwa kwa funguo, kama nilivyouacha, na jambo hilo lilinishtua kuliko kama ningeukuta wazi. Nilianza kuhesabu ngazi. Nilianza kusikiliza hatua za watu wa jirani na kuzipa alama. Hatua za mzee wa juu: mbili. Hatua zinazosimama bila sababu: nne. Kwenye fomu niliendelea kuandika moja, mbili, na mara chache tatu, kwa sababu filamu zenyewe zilikuwa mbovu vile vile na sikuona haki ya kuziongezea alama kwa hofu niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

"Umekonda," alisema Chambuso.

"Ni joto."

"Joto gani la kumfanya mtu ageuke nyuma kila hatua tatu? Karibu chamani, Mwalimu. Ada ni kofia ya kuzibia macho. Nitakushonea."

Siku ya thelathini na moja vitambaa vyeusi viliteremshwa madirishani na filamu ikaanza. Kwa uaminifu ninaodaiwa na msomaji ninasema kwamba ilikuwa filamu duni. Taa zilitetemeka. Ukuta wa korido ulikuwa wa karatasi, na mara mbili ulipumua. Mwanamke alipokea bahasha, akavaa viatu, akaondoka kwake, akafika kwenye jengo, akapanda, akaingia katika korido ndefu na kuketi kwenye benchi. Ni hayo tu.

"Huyu tumwite Mwanamize," alianza Salhina kwa sauti ya kila siku. "Mwanamize kapata barua. Kavaa viatu vizuri, maana ofisini wanakutazama miguu kwanza. Anamuaga jirani. Jirani anasema, nitakuja kukuchukulia nguo zako kambani mvua ikinyesha. Ndio majirani hao. Sasa anapanda ngazi. Nyingi, eh? Lifti ipo, lakini ni ya wanaoshuka."

Watu walicheka kidogo. Mwanamke wa kwenye filamu akaketi. Salhina akavuta pumzi, tukaisikia kwenye maikrofoni, kisha akaiweka maikrofoni sakafuni na kunyamaza.

Mwanzoni tulidhani anakohoa. Chambuso alisema kwa sauti ya chini, "Mtafsiri, vipi tena?" Kwenye filamu mwanamke alizungumza, na kwa mara ya kwanza maishani mwetu tuliisikia lugha hiyo ikiwa peke yake, bila jina tulilomtunga, bila mzaha wa umeme, bila jirani wa kuanua nguo. Alisema jambo fupi. Alilirudia. Lilikuwa swali, hilo lilidhihirika hata kwa asiyejua neno moja. Hakuna aliyemjibu, kule wala huku. Aligeuza shingo akatazama upande alikotoka, kama mtu aliyeahidiwa kwamba yupo anayekuja nyuma yake. Kando yake, penye nafasi ya mtu wa pili, palikuwa na mto. Ulikuwa wa kahawia.

Sikutafuta uzi. Niliuona, kwa bahati mbaya, uvuli wa maikrofoni ya waliopiga filamu ukipita juu ya ukuta wa karatasi, na haukunisaidia kitu. Nilijua kwamba yule ni mwigizaji, na kwamba huenda alikwenda kwao jioni hiyo akala wali. Nilijua yote hayo, na kujua kulikaa pembeni yangu kama mtu asiye na kazi. Hapakuwa na hoja iliyokosa kukamilika. Ilikuwa imekamilika kabisa, ndiyo maana ilitisha.

Niliandika tisa. Ya kumi niliikata kwa ajili ya uvuli wa maikrofoni.

Taa zilipowashwa, Karani Ngwali, kijana nadhifu wa Baraza, alizikusanya fomu na kujumlisha mezani mbele yetu, kama desturi inavyotaka. Alama za wale sita zilifika ishirini na sita, nane kati yake zikiwa za Chambuso. Alipofika kwangu alisita.

"Mzee wangu, hapa pana kosa la mkono."

"Hapana kosa."

"Imeandikwa tisa."

"Ni tisa. Jumla ni thelathini na tano. Gawa kwa saba upate tano."

"Nagawa, Mwalimu, nagawa." Alikuwa na adabu isiyo na mlango. "Lakini wastani wako wa mwezi mzima ni mbili. Mbili kamili, hata desimali hauna. Baraza limekusifu kwa hilo. Na Kanuni ya Kumi na Nne inasema alama inayoachana na wastani wa mtazamaji kwa zaidi ya tatu ihesabiwe kuwa kosa la mkono, na mahali pake uwekwe wastani. Nikiweka mbili, jumla ni ishirini na nane. Wastani ni nne."

"Kanuni hiyo ni ya kipuuzi. Nani aliitunga?"

Karani Ngwali alinitazama kwa mshangao ambao naamini ulikuwa wa kweli.

"Wewe, Mwalimu. Ni ule waraka wako wa kurasa nne. Mwaka ule yule bwana wa kiti cha nne alipoipa alama kumi filamu ya paka, kwa kuwa paka alifanana na marehemu mkewe."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata sentensi niliyoipenda zaidi katika waraka huo, kuhusu wajibu wa kumlinda mtu dhidi ya siku yake moja ya udhaifu. Chambuso alishusha kofia kutoka machoni.

"Nane yangu ipo?" aliuliza.

"Ipo, mzee. Wewe wastani wako ni nane."

"Basi ajabu hii. Mimi niliyeziba macho hofu yangu imepita, na huyu aliyetazama imekataliwa."

"Niandikie maelezo," Karani aliniambia, akinisogezea fomu. "Hapa panapoulizwa: uliogopa nini?"

"Sikuogopa nini. Nilimwogopea mtu."

Aliitazama fomu mbele na nyuma, kwa subira, kama anayemtafutia mgeni chumba.

"Hakuna kisanduku cha hilo," alisema. "Nitapeleka Baraza namba zote mbili."

Salhina alikuwa ameokota maikrofoni na kuifungua leso, na alikuwa akiikunja leso hiyo mara nyingi zaidi ya ilivyoweza kukunjika.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa mbili, nilikwenda kwake. Nilikuwa nimevaa viatu vya kutembea. Nilifahamu kwamba kusindikiza pasipo haki ni kosa, na kwamba mimi mwenyewe ningeweza kuitwa kwa kosa hilo, na niliyafahamu haya bila kupata faraja yoyote kwa kuyafahamu. Nilimkuta kizingitini na mkoba mdogo. Kambani uani palikuwa na nguo mbichi.

"Umekuja, Mwalimu."

"Nimekuja."

"Unalijua jina langu lote? Watakuuliza."

"Salhina Othmani Kirobo. Namba kumi na sita kwenye orodha ya darasa. Ulikuwa ukikaa dirishani."

Alitikisa kichwa taratibu, akafunga mlango, akaujaribu, akaujaribu tena. Tulikuwa tumepiga hatua kama kumi kipaza sauti kilipokohoa juu ya paa la Baraza. Tukasimama katikati ya barabara, kama wakazi wote wanavyotakiwa kusimama, tukasikiliza.

INATANGAZWA kwamba Baraza, baada ya kutafakari, limeamua kama ifuatavyo. Kwa kuwa wastani wa filamu ya siku ya thelathini na moja ni tano kwa mujibu wa kalamu na ni nne kwa mujibu wa kanuni, siku hiyo itahesabiwa kuwa haijaisha hadi wastani wake utakapokubalika. Kwa kuwa siku hiyo haijaisha, tarehe mosi haijafika. Aliyeitwa tarehe mosi atafika ofisini saa mbili asubuhi kama alivyoelekezwa, na ataisubiri tarehe hiyo kwenye benchi la korido. Suala la msindikizaji litajadiliwa tarehe hiyo itakapofika. Kabla ya hapo hakuna anayesindikizwa. Mto wa kiti namba saba utahamishiwa kwenye benchi hilo. Badiliko hili halina maana yoyote.